Patroni Alipokataa Chakula

Twagirayezu alizaliwa na kukulia Bukavu, na alipovuka mpaka kurudi Rwanda, nchi ya wazazi wake, mtu mzima tayari, alikuja na mambo mawili kichwani: ufundi wa kuziba matairi, na imani kwamba kila anayeugua ghafla ametiliwa sumu. Ufundi ulimpa riziki huko Gihundwe, kando ya barabara ya waendesha pikipiki. Ile imani ilimpa tabu tu, lakini nani angemwambia akasikia?

Mkewe alifariki, mwanawe Bruno akahamia Kigali, akabaki na mbwa. Alimwita Patroni, yaani bosi, kwa sababu kutwa alijilaza mbele ya karakana akitazama wengine wakifanya kazi. Watu walimcheka mzee: anaongea na mbwa. Jirani mmoja tu hakumcheka, Védastine, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, ambaye mzee alimwita Maman Clarisse. Kila jioni mama huyo alimletea Patroni ugali na masalia ya samaki, kisha akaketi wapige soga mpaka giza liingie.

Asubuhi moja Patroni hakuinuka. Alilala ubavu, macho yamelegea, na alipowekewa chakula akageuza uso. Mtu mwenye akili zake angemwita daktari wa mifugo. Twagirayezu alitazama sahani ya jana iliyolambwa ikang'aa, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Védastine, mbele ya wateja.

"Maman Clarisse, jana ulipatia imbwa yangu nini?"

"Bugali na sambaza, Papa Bruno. Kama siku zote."

"Siku zote halalaka vile."

Védastine alicheka kidogo, akidhani ni utani. Alipomtazama usoni akaacha. "Unasema nilimutilia sumu? Miye?"

"Miye sijasema. Imbwa njo inasema."

Wateja wawili walirudisha samaki mezani taratibu, wakaondoka.

Basi mzee wetu akaanza tiba aliyoijua tangu utotoni: mawese, ya kuvunja sumu. Alimshika Patroni taya, akammiminia kikombe kizima. Mbwa akapaliwa, mafuta yakamtoka puani. Kesho yake hivyo hivyo. Mnyama alizidi kulegea, hata nguvu za kusukuma mkono hakuwa nazo. Alipoanza kupumua kwa mkoromo, ndipo mzee alipoacha kuona haya kumsumbua daktari wa ng'ombe kwa ajili ya mbwa.

Daktari alifunua mdomo wa Patroni, fizi zilikuwa nyeupe kama chokaa. Akafunua masikio, ndani kupe tele.

"Hii si sumu, Mzee. Ni homa ya kupe. Kama ungeniita mapema, sindano ingemusaidia. Na haya mafuta yako yameingia ku mapafu."

Patroni alikufa jua likiwa bado juu. Twagirayezu alimzika nyuma ya karakana akilia bila kujificha. Hakuwa na mtu mwingine wa kumlaumu, na alijichukia kwelikweli.

Jioni alijikokota mpaka kwa Védastine. Samaki walikuwa wamelundikana mezani kama walivyotandazwa asubuhi. Neno sumu likishatamkwa, nani atanunua? Aliomba msamaha kwa yote, bila kujitetea. Védastine alimsikiliza mpaka mwisho.

"Imeisha, Papa Bruno. Ikala."

Akamsogezea kigoda akae, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bushera, ule uji mwepesi wa mtama. Miaka yote walikuwa wakipokezana vikombe bila kufikiri. Kuonja kwanza mbele ya anayepewa ni adabu ya pale, ya kumtoa mgeni wasiwasi wa sumu, na wao walikwisha kuisahau. Jioni ile Védastine alikiinua kikombe mdomoni, akanywa funda moja, akameza huku akimtazama machoni. Akafuta ukingo kwa pindo la kitenge chake, ndipo akamkabidhi.