Mkono Uliopima Kuku

Sokoni Myanga, Wilkista Nangila hakuwa na mizani. Alikuwa na mkono wa kulia. Humshika kuku mbawa, akamwinua usawa wa kifua, akafumba jicho moja, akatamka: "Kilo mbili na robo." Wabishi walikwenda kumpima kuku huyo kwa muuza nyama wakarudi na mbili na robo ileile. Mkono huo ulisomesha watoto watano, ukajenga nyumba Kibomet, mjini Kitale, na kila Jumatatu ulimtoa huko hadi Myanga, Bungoma, kununua kuku wa kwenda kuuza.

Alipofika miaka sabini na mitatu, asubuhi moja ya mvua, aliteleza mlangoni mwa banda lake mwenyewe akaangukia bega. Hakulia. Aliufunga mkono kwa leso, akalisha kuku kwanza, ndipo akamwita jirani yake Phanice ampeleke hospitali.

Daktari Kimutai aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Wilkista alikuwa amejiandaa kuona ufa. Aliona kichwa cha mfupa kimepasuka vipande vinne, kama yai lililoanguka sakafuni.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Si upige misumari, bana."

"Mfupa wako umeshakuwa mwepesi, misumari haitashika. Wengine tunawafunga tu kitambaa wakapona. Wewe vipande vimetawanyika sana, mkono utakuwa mgumu. Afadhali tubadilishe bega." Akachora. Mpira wa chuma ungekaa upande wa bega, palipokuwa na kikombe. Kikombe kingekaa juu ya mkono, palipokuwa na mpira.

Wilkista alishika mdomo. "Ati mnageuza alivyopanga Mungu?"

"Kano za ndani zimekwisha. Tukigeuza, msuli huu wa nje utainua peke yake."

Phanice akaanza kusali kwa sauti.

"Wewe, ngoja kwanza, bado tunapatana," Wilkista akamwambia, kisha akamgeukia daktari. "Utanirudishia mkono mpaka wapi?"

"Usawa wa bega."

"Ongeza."

"Mama, hapa si sokoni."

"Kila mahali ni sokoni. Ongeza."

"Pengine usawa wa macho, ukifanya mazoezi. Siahidi."

"Usiahidi. Fanya."

Daktari akafanya. Wiki za kwanza mkono ulining'inia shingoni, kisha Wilkista akaanza kupandisha vidole ukutani, alama kwa alama, akimtukana daktari kila asubuhi. Baada ya miezi mitano mkono ukafika usawa wa macho. Jumatatu iliyofuata alishuka Myanga.

Jairus, mfugaji aliyebishana naye miaka kumi na minane, alimtolea jogoo mwekundu.

"Kukhu, nyanya yetu! Tulisikia umewekwa chuma."

"Chuma hakijakula ugali wako. Lete."

Akamwinua, akafumba jicho. "Tatu na nusu."

"Sawa," Jairus akasema.

Wilkista akafumbua jicho. Miaka yote hiyo, Jairus hakuwahi kupokea neno lake la kwanza. Muuzaji akikubali upesi, mnunuzi ameshaliwa. Akamhamishia jogoo mkono wa kushoto, mkono asiouamini hata kwa chumvi. Jogoo akawa mwepesi.

"Jairus. Huyu ni kilo ngapi?"

"Si umesema mwenyewe?"

"Nimekuuliza wewe."

Jairus alinyoosha mkono kumchukua jogoo wake.

Walimpeleka jogoo kwa muuza nyama. Mshale wa mizani ukasimama kwenye mbili na nusu. Wilkista akakaa juu ya tenga. Kilo nzima! Bega haliumi, linainuka, Kitale nzima inamsifu daktari, kumbe linadanganya. Ule msuli uliobaki peke yake kazini ulikuwa unachoka mapema, na kila kitu unakiita kizito. Angejaza tenga siku ile, angeuza hasara mwaka mzima huku akijisifu.

"Hilo sikuuliza," akasema polepole. Kwa daktari alipatana kimo cha kuinua tu, uzito haukumjia akilini.

Watu walianza kumpa pole. Hakuzipokea. Alisimama, akamwendea Jairus.

"Lete wa pili."

"Unanunua?"

"Leo sinunui. Napima."

Kila kuku alipita kwanza mkononi, kisha kwenye mizani. Mkono ukisema tatu, mizani ikasema mbili. Mkono ukisema mbili, mizani ikasema moja na robo. Wilkista alinong'ona hesabu hizo, jasho likimtoka, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwa kuku wa kumi na moja, alipotoa ziada ya mkono kabla ya kutamka, alikosea kwa robo tu.

"Kukhu, kuku wangu watakufa na presha!"

"Wakifa nitawachukua nusu bei. Lete mwingine."