Nilivyomfutisha Etyang mistari minne ya programu ya binary, Malaba

Wakuu, habari zenu. Hii ni yangu mwenyewe na siongezi chumvi, maana hainipi sifa yoyote.

Miaka ya sabini nilikuwa karani wa clearing ya mizigo pale mpakani Malaba. Mwenzangu wa meza moja alikuwa Etyang. Wote wawili tulikuwa tunasoma FORTRAN, lugha ya kuandikia programu, kwa njia ya posta, na computer yenyewe hatujawahi kuiona.

Msicheke. Ulikuwa unaandika programu kwa penseli kwenye fomu, unatuma Nairobi, huko wanatoboa kadi, kila mstari kadi yake. Majibu yanarudi baada ya wiki kadhaa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kubadilisha namba nzima kuwa binary, yaani kuiandika kwa 0 na 1 tu. Atakayepita angeitwa Nairobi kufundishwa kazi. Etyang aliitaka hiyo nafasi kuliko mimi. Alikuwa amechoka kujaza fomu za malori.

Njia ni rahisi. Gawanya namba kwa mbili, weka baki, gawanya tena mpaka ufike sifuri. Etyang aliyahifadhi mabaki yote, kisha akaongeza mistari minne ya kuyachapisha kuanzia la mwisho.

Mimi nilikuwa nayachapisha vile yanavyotoka. Nilijaribu kwa tano nikapata 101. Tisa ikanipa 1001. Saba, 111. Zote sawa.

Etyang aliniomba nimwangalilie kazi yake kwa sababu mimi nilikuwa nimefika form six, yeye form two. Na mwalimu wetu wa Nairobi alikuwa amesisitiza kadi chache, kwa hiyo nikamwambia ile mistari minne aitoe.

"Boss, kwani hii ya kugeuza tunatoa kweli?"

"Toa tu. Haina kazi."

Akachukua raba, akafuta. Tukatuma siku moja.

Bahasha zilirudi pamoja. Huko walikuwa wamejaribu kwa sita. Jibu ni 110. Yangu ilitoa 011, na ya Etyang 011.

Nilielewa hapo hapo. Mabaki hutoka kinyume, lakini 101, 1001 na 111 ukizisoma kutoka upande wowote ni zile zile. Nilikuwa nimechagua namba ambazo haziwezi kunikosoa.

Etyang alidhani amekosea mahali pengine. Alisema, "Si kitu, boss. Hata wewe uliyesoma imekushinda." Sikumwambia kwamba kosa ni langu. Niliona aibu, na ile aibu haijaisha.

Mimi nilirudia mwaka uliofuata, nikapita, nikafanya kazi ya computer mpaka nikastaafu. Yeye hakurudia.

Juzi nilimtembelea kwake. Akanieleza kwamba binti yake wa mwisho alitaka kusomea computer, akamkataza.

"Nilimwambia hiyo kitu sisi hatuna kichwa yake. Mimi nilijaribu, wewe si ulikuwa hapo?"

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa hapo.

Wanaoandika code, jaribuni na namba inayoweza kuwaumbua. Hilo ndilo somo, nawapa bure.

Lingine sina jibu. Etyang ana miaka sabini na kitu sasa. Nimwambie, ama nitakuwa najipunguzia mzigo mimi tu? Semeni bila kunionea huruma.