Kuku wa Kumkomboa Awiti Alipanda Basi

Bwana Mhariri, chapa barua hii lakini jina langu lifunike, maana ninaowasema nao husomewa gazeti hili. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, naishi Kondele hapa Kisumu, na nilisoma misheni miaka mitatu. Mume wangu ni mpakizi wa pamba bandarini. Nina watoto wawili, Awiti wa miaka minne na mdogo wake wa kiume ambaye ndiyo kwanza anaanza kutembea. Nina hasira, sitawaficha.

Kabla ya Awiti nilizika watoto wawili, wote wachanga. Kwetu Wajaluo, kifo kikizoea nyumba, mtoto anayefuata hutupwa. Msomaji wa pwani usishtuke. Analazwa njiani asubuhi, mwanamke aliyepangwa anapita, anamwokota na kusema amepata mtoto, ili kifo kikija kwako kikute huna kitu. Ndiyo maana anaitwa Awiti, aliyetupwa. Halafu mama mzazi anamkomboa kwa kuku na mambo yanaisha. Aliyemwokota wangu ni jirani, mjane ambaye hakujaliwa kuzaa, tunamwita Nyar Seme kwa kuwa ni binti wa Seme, kule Kombewa. Mtoto nilikaa naye mwenyewe, ila kuku sikutoa. Mwaka wa kwanza sikuwa naye, wa pili nikasahau, wa tatu nikaona aibu kukumbusha. Yeye hakudai, nami nikadhani yamekwisha.

Sasa mama yangu anakaa kwa kaka yangu ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, na alikuwa hajaona mjukuu hata mmoja. Mume wangu alikubali niwapeleke kwa sharti turudi siku hiyo hiyo, watoto wasilale nchi ya watu. Basi la Kalasinga hutoka hapa alfajiri na kurudi jioni. Nyar Seme alisikia, akajitolea kunisaidia kubeba. Nikamshukuru, mjinga mimi. Katika kikapu nilitia zawadi ya mama, tembe mwekundu niliyemfuga mwenyewe. Nyar Seme alimtazama yule kuku toka Kisumu mpaka Yala. Nilidhani inamchukiza harufu.

Aliyewahi kupanda basi na watoto wawili wadogo hahitaji kusimuliwa. Mvulana alinitapikia mimi, akatapikia na kanzu ya mzee mmoja. Awiti alitaka kukojoa, basi likasimama, akasema hataki tena, tukaondoka, akalia anataka. Abiria walininunia, na mama mmoja akaniuliza nimefukuzwa na nani hata nihame na watoto hivi. Mwisho Awiti alilala mapajani mwa Nyar Seme. Mtu akauliza mtoto mzuri huyu ni wa nani, naye akajibu ni wake. Mimi nilicheka.

Mpakani kulikuwa na karani wa chanjo ya ndui. Kila mtoto alichanjwa na kuandikiwa cheti chenye jina la mama yake. Wakati huo mimi nilikuwa kisimani namwosha mvulana matapishi. Niliporudi, Awiti alikuwa amechanjwa, analia, na cheti kimefungwa kwenye pindo la leso ya Nyar Seme. Sikukiomba nikisome. Kwa mama tulikaa muda wa kupika na kula tu. Alimchinja yule tembe kwa furaha, akatuandalia. Nyar Seme alisukuma sahani. Alisema, "Huyo mimi sili."

Tulishuka Kisumu jua likizama, Awiti kalala mgongoni kwake. Kwenye njia panda ya kwetu hakukata kona. Nikamwambia, mama, nipe mtoto.

"Mtoto analala kwangu," akasema. "Miaka minne nimengoja kuku. Leo nimeona kuku mwenyewe, umempelekea mama yako. Sasa wewe huyu mtoto ulimkomboa na nini?"

Akafungua pindo la leso, akanionyesha cheti. Awiti, na mahali pa mama jina lake yeye.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Namchukia yule mwanamke, na nasema wazi. Mwizi wa mtoto ni mwizi tu, hata akija na mila mkono mmoja na karatasi mkono wa pili. Nilimpelekea kuku wawili, akawafungua kamba wakakimbilia barabarani. Akaniambia kuku wake alipanda basi. Mume wangu naye anainamisha kichwa, anasema ni kweli mtoto aliokotwa, na kuku hatukutoa, tutabisha nini? Mama mkwe alinicheka usoni. Na Awiti, aliyelishwa njugu na miwa kutwa nzima, ameanza kumwita mama, na mimi ananiita mama wa mtoto, yaani wa mdogo wake.

Jumamosi tunaitwa kwa mzee wa mtaa. Mkunga aliyenizalisha yuko tayari kusema. Nikisimama nikatamka mbele ya watu kwamba Awiti ni wangu, nimemzaa mimi, nitarudishiwa siku hiyo hiyo. Ila sitakuwa nimewaambia watu peke yao. Kile kilichochukua wale wawili nacho kitasikia, na mtoto hajakombolewa. Padri anasema huo ni ushenzi, nimwamini Mungu. Namwamini. Lakini padri hakuchimba yale makaburi mawili, kila moja lenye urefu wa mkono wangu. Nikinyamaza, Awiti anaishi, nami nitamsikia kila asubuhi ng'ambo ya ua akimwamkia mama mwingine.

Enyi wanawake mliowahi kuokotewa watoto, nijibuni kwa ukurasa huu kabla ya Jumamosi. Mzee ataniuliza neno moja tu, mtoto huyu ni wa nani. Nimjibu nini?