Jozi ya Ndefu na Fupi

Kwanza tuliweke sawa jambo moja, maana wageni wote hulikosea. Ndefu ni mfupi. Ukimsimamisha kando ya spika ya ukumbini, yeye na spika wanalingana mabega. Fupi, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye mrefu, wa kuinama kila apitapo mlangoni. Majina hayo hawakupewa kwa vimo vyao. Walipewa na mtaa kwa sababu ya koili, na mtaa ulipoyatoa ulikuwa umeshachoka nao.

Dada hawa wawili ni mafundi spika. Karakana waliirithi kwa baba yao: chumba kimoja chenye dirisha moja, benchi refu lenye makovu ya risasi ya kuchomelea nyaya, na harufu ya gundi ambayo ikishaingia kwenye nguo haisikii sabuni. Katikati ya chumba wamesimamisha ubao wa plaiwudi. Ubao haufiki darini wala haufiki ukutani. Hauzuii macho, hauzuii vumbi, na hauzuii matusi ya kiungwana yanayoruka juu yake kutwa nzima. Upo tu ili ijulikane upande upi ni wa nani.

Ugomvi wao ni huu. Nyuma ya ile karatasi inayotikisika kwenye spika kuna sumaku ya duara yenye mwanya mwembamba, na ndani ya mwanya hucheza koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye mrija mwepesi. Umeme ukipita, sumaku huisukuma koili na kuivuta, karatasi inafuata, nawe unasikia muziki. Mpaka hapo dada wote wawili wanakubaliana. Hawakubaliani juu ya urefu.

Ndefu huzungusha koili iliyo ndefu kuliko mwanya wenyewe, ikatokeza huku na huku. Anasema besi ikipigwa kwa nguvu koili hukimbia mbali, na ikiwa ndefu, popote itakapokimbilia, kipande chake bado kimo mikononi mwa sumaku. Tena inatosheka na sumaku ya kawaida, ile nyeusi, na mteja anaimudu. Fupi akisikia hivyo hucheka. Kwake yeye, waya uliobaki nje ya mwanya ni watumishi wanaokunywa chai barazani: umeme wanakula, kazi hawafanyi, na uzito wao inaubeba karatasi ya watu. Yeye huzungusha koili fupi na nyepesi, inayoogelea ndani ya mwanya mrefu bila kutoka, na sauti yake, hata Ndefu anajua, ni safi. Ila mwanya mrefu unataka chuma kinene, na chuma kinene kinataka sumaku ya kutisha. Spika ya Fupi hubebwa na watu wawili, na wa tatu wa kuwapa pole. Halafu koili fupi ikipigishwa muziki kutwa huchemka upesi, kwa kuwa waya ni mchache na joto halina pa kukaa.

“Yako inaimba vizuri mpaka iungue,” Ndefu husema.

“Yako haiungui kwa sababu nusu yake imelala,” Fupi hujibu.

Kuna wakati Fupi alijaribu zile sumaku ndogo zinazong'aa, nyepesi, zenye nguvu kupita umbo lao, akadhani ameumaliza ubishi. Alimfungia kinyozi wa jirani spika yenye sumaku hizo. Koili ikapata moto, sumaku zikapata moto, nguvu zikapungua, na spika ya kinyozi ikaanza kunong'ona. Siku hiyo hiyo Ndefu alikwenda kunyolewa, ingawa kichwani hakuwa na nywele za kutosha wembe, ili tu akae pale na kuisikiliza.

Ndivyo walivyoishi, na ungewauliza wangekuambia wanateseka.

Kisha Fupi akapigiwa simu na kiwanda cha spika cha mji mwingine. Walikuwa wamezisikia kazi zake, wakamtaka aende akasimamie meza ya koili, na walimwomba jibu kufikia Ijumaa. Habari hiyo aliitangaza juu ya plaiwudi kwa sauti ya mtu anayeuliza bisibisi iko wapi.

“Hongera,” alisema Ndefu.

“Asante, dada.”

“Huko wana chuma kinene?”

“Kimejaa ghala zima.”

“Basi utafurahi.”

Hapo hapo akajikata kidole kwa waya, jambo ambalo halikuwa limempata tangu akiwa mwanagenzi. Nalisema wazi kwa kuwa yeye hakulisema: Ndefu hakutaka mdogo wake aondoke. Alikiwaza chumba kile kisicho na mtu wa kumpinga, moyo ukamshuka. Lakini kumwambia Fupi “usiende” kulikuwa kugumu kuliko kumeza skrubu. Tangu wazazi wao wafariki, neno la upendo likitaka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake lilikuwa sharti livishwe kejeli kwanza, na safari hii kila kejeli aliyoitafuta ilimkataa. Akafunga kidole kwa kitambaa, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ukumbi wa mtaa. Mwangalizi wa ukumbi, mzee mpole anayesuluhisha hata pasipo na ugomvi, alitaka spika mbili za jukwaani, moja kulia na moja kushoto. Aliogopa kuchagua fundi. Akimpa Ndefu, Fupi atamnunia. Akimpa Fupi, Ndefu hatanuna, atasema. Akaamua kila dada atengeneze moja, masanduku yafanane kwa nje, na mambo yaishe. Mafundi wote wawili wakamwambia kwamba mtu mwenye akili timamu hafungi jozi ya spika zisizofanana. Mzee alivyofurahi kuwaona wamekubaliana! Furaha ilimzuia hata kusikia walikubaliana juu ya nini.

Alhamisi asubuhi mzee akaja kuzijaribu. Walianza na ya Ndefu, vioo vya dirisha vikatetemeka na mzee akashika kofia. Wakafuata na ya Fupi, mwimbaji akasikika mpaka anapovuta pumzi. Mzee akasema Mungu amewajalia. Kisha wakaziwasha pamoja.

Besi ikatoweka. Sisemi ilipungua, nasema ilitoweka, na sauti ya mwimbaji ikabaki inaelea kama ya mtu aliyefungiwa kabatini. Wakazungusha vitufe vya amplifaya. Wakakagua nyaya, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, kila moja mahali pake. Wakazima moja, nyingine ikaimba vizuri. Wakawasha zote, besi ikakimbia tena.

“Labda zinaoneana haya,” alisema mzee.

Fupi aliyatazama yale masanduku mawili. “Unaona, dada?” akasema, na safari hii hakuwa na utani hata chembe. “Kila moja peke yake ni nzuri. Zikikaa pamoja zinaharibiana. Kesho nawaambia wale watu ndiyo.”

Mzee akaona hewa imekuwa nzito, akaaga. Alisema atapita tena mchana, na kama bado, ataazima spika pengine. Fupi akatoka kwenda kula. Ndefu akabaki na njaa yake.

Kulikuwa na kipimo kimoja ambacho hawakukifanya, nacho ni kipimo ambacho fundi yeyote angekifanya mapema: kugusisha betri ndogo kwenye nyaya za spika na kutazama karatasi inaruka upande gani. Lakini katika karakana ile betri ilikuwa na adabu zake tangu enzi za baba. Kuigusisha kwenye spika ya mwenzako ni kumwita mwanagenzi, na kufanya hivyo mbele ya mteja ni kumvua nguo. Ndefu alichungulia nje, akaona Fupi yuko mbali, akaichukua betri kama mwizi.

Kwenye spika yake karatasi iliruka nje, inavyotakiwa. Kwenye ya Fupi ilizama ndani.

Basi ndiyo maana. Moja ikisukuma hewa, nyingine inaivuta, na besi inafia katikati. Ndefu alidhani Fupi amechomelea nyaya vibaya, akafungua, zilikuwa sawasawa. Akaenda upande wa pili wa plaiwudi, akachukua koili moja mpya ya Fupi, akaufuata waya wake kwa ukucha. Akachukua nyingine. Akachukua yake mwenyewe, akaziweka sambamba chini ya mwanga wa dirisha.

Koili za Fupi zilizungushwa kinyume. Zote.

Ndefu akakaa kitako sakafuni, maana alielewa mara moja. Walipokuwa wanajifunza, yeye mkubwa ndiye aliyekaa ubavuni kwa baba. Fupi hakuwa na nafasi, alikaa ng'ambo ya benchi, ana kwa ana nao. Baba aliuzungusha mkono wa mashine ya koili kwenda mbele. Mtoto aliyekuwa ng'ambo aliuona unamjia. Akajifunza vile alivyoona. Kwa miaka yote hiyo haikuwa na madhara, kwa kuwa kila spika aliyoiuza ilikuwa peke yake au na pacha wake, na pacha naye kageuka vilevile. Kosa lingejulikana siku dada hawa wangetengeneza jozi moja pamoja, na hawakuwahi.

Mwanzoni furaha ilimpanda mpaka masikioni. Jamani, zawadi kama hii! Angeitumia mpaka uzeeni. Alishafika mlangoni, mdomo wazi, aanze na kinyozi kisha ateremke na mtaa duka kwa duka, ndipo akamkumbuka Fupi alivyoyatazama yale masanduku. Akamwona akiisikia habari hii mitaani, kwamba maisha yake yote ya kazi kazungusha kinyume. Angekusanya nguo zake bila kungoja Ijumaa.

Ndefu akarudi ndani. Njia rahisi ilikuwa kugeuza nyaya za Fupi, lakini Fupi angeziona na kuuliza. Akaigeuza yake. Spika iliyokuwa sahihi, akaichomolea nyaya, akaweka nyekundu kwenye hasi na nyeusi kwenye chanya, na risasi ilipoyeyuka akasikia uchungu hasa, uchungu wa fundi.

Fupi aliporudi alikuta muziki umewashwa kwenye spika zote mbili. Besi ilikuwa imejaa chumbani mpaka skrubu zinatembea zenyewe juu ya benchi.

“Umefanya nini?”

“Nilikuwa nimekosea nyaya zangu,” alisema Ndefu, akipanga koleo ambazo zilikuwa zimepangika. “Umri.”

“Wewe hukosei nyaya.”

“Leo nimekosea. Shukuru, neno hilo hutalisikia tena.”

Fupi hakushukuru. Alizima amplifaya, akaichukua betri, na bila kuomba radhi kwa mtu akaigusisha kwenye spika yake mwenyewe. Karatasi ikazama. Akaigusisha kwenye ya dada yake. Ikazama pia. Akainama nyuma ya sanduku, akaikuta risasi bado inang'aa.

“Dada. Yako ilikuwa sawa.”

“Ilikuwa.”

“Iliyogeuka ni yangu.”

Ndefu akaona hakuna pa kujificha, akamweleza yote: koili, mkono wa mashine, ng'ambo ya benchi. Alieleza polepole, bila kejeli, na ilikuwa kama kutembea na viatu vya mtu mwingine. Fupi alichukua koili yake moja, akaigeuza geuza mkononi. Uso ulimwiva.

“Na hukwenda kumwambia kinyozi?” akauliza hatimaye.

“Nilishafika mlangoni.”

“Ukarudishwa na nini?”

Ndefu alitafuta bisibisi ya kushika na hakuiona. “Nilijua utaona aibu, uondoke. Na mimi sitaki uondoke. Usiende, mdogo wangu. Sitaki kubaki humu peke yangu.”

Nje baiskeli ilipita ikipiga kengele. Fupi aliinamisha kichwa, akaipangusa ile koili kwa upindo wa nguo ingawa haikuwa na vumbi, akaiweka mezani. Halafu akatoa simu, akatoka barazani.

Ndefu hakujifanya hasikilizi. Alikwenda moja kwa moja akaegemea ukuta karibu na dirisha.

“Nimefikiria,” Fupi alikuwa anasema nje. “Hapana, si mshahara, mshahara ni mzuri. Ni nyumbani. Dada yangu ananihitaji.”

“Sikusema nakuhitaji,” Ndefu akapaza sauti kutoka ndani. “Nimesema usiende.”

Fupi akaziba simu kwa kiganja, akainama na kuchungulia dirishani. “Kuna tofauti?”

Ndefu alilipima swali hilo kwa haki kabisa, kama anavyopima waya, akitafuta mahali pa kubisha.

“Hakuna,” akasema.