Baridi Kwenye Kichwa cha Shungi

Baridi ya asubuhi haina adabu. Inapita chini ya mlango bila hodi, inatanda sakafuni, na ukishusha miguu kitandani inakudaka visigino. Lakini Shungi hakuwa na ugomvi na visigino. Ugomvi wake ulikuwa wa kichwani, na kila alfajiri aliuanza upya mbele ya kioo cha bafuni, akivua kitambaa cha satini alicholalia na kukichungulia ndani. Hakukosa kuvikuta. Vipande vifupi vya nywele, vimejikunja, vimetulia kama havijafanya kosa lolote.

"Haya," aliviambia, "huko juu mmebakisha nani?"

Jina la Shungi lilitokana na shangazi yake, aliyemwona siku ya kuzaliwa akauliza kama mtoto amekuja na kofia. Jina la kwenye cheti lipo, ila halina kazi. Sasa hebu fikiria uitwe Shungi huku nywele za mbele zinarudi nyuma kila wiki, paji la uso linaongezeka, na juu ya masikio pamebaki manyoya ya kifaranga. Watu walimwita vilevile, kwa mapenzi kabisa, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi, maana mtu asiye na nia mbaya huwezi hata kumgombeza.

Kazi yake ilikuwa ya kuoka mikate. Alikanda, akakata madonge, akayapanga kwenye trei, akaingiza tanurini na kutoa. Chumba cha tanuri hutoa mtu jasho hata kama nje watu wanatetemeka. Nywele zote sharti ziingie ndani ya kofia nyeupe yenye lastiki, na msimamizi hakuwa na mchezo na hilo. Basi kichwa kinalowa jasho asubuhi nzima, kazi ikiisha mtu anatoka nje, upepo unamchapa, anakimbilia kofia ya sufu, na sufu nayo inanyonya mafuta yote aliyopaka. Nywele za kipilipili hazitaki maisha hayo. Zinataka unyevu na mafuta, zisukwe, ncha zake zifichwe, ziachwe zipumzike hadi baridi ipite. Shungi alilijua hilo. Kilichomshinda ni kujua zisukwe vipi.

Washauri hawakukosekana. Wa kwanza alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye jibu la kila jambo isipokuwa mambo yake mwenyewe.

"Suka rasta, wifi yangu. Unazisuka mara moja, unakaa nazo hadi jua lirudi."

Akasuka rasta. Kila asubuhi alizisukumia ndani ya kofia ya kazini kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi, hadi siku moja lastiki ikachoka, kofia ikaruka, ikatua juu ya unga. Wenzake walicheka. Msimamizi hakucheka. Tena rasta zikilowa jasho hazikukauka siku hiyo wala kesho yake, zikaanza kunuka kama tambara la jikoni.

"Basi vaa wigi," wifi akasema. "Chini suka twende kilioni, ile mistari midogo ya kulaza kwenda nyuma. Juu unatupia wigi. Nani atajua?"

Walijua wote, siku ileile. Shungi aliivuta kofia vizuri juu ya wigi, akaacha nywele kidogo za mbele zionekane, kwa urembo tu. Alipofungua mlango wa tanuri, joto likatoka kwa nguvu, na zile nywele za mbele zikajikunja zote kwa pamoja, zikawa ngumu, zikanuka plastiki. Tangu hapo kuna mwenzake mmoja ambaye kila Shungi akikaribia tanuri humwambia, "Rudi nyuma, dada, tusije tukakuzika na wigi lako."

Alibadilisha mafuta. Aliacha ya nazi, akashika ya mnyonyo, akarudi kwenye ya nazi. Alibadilisha sabuni. Akalaumu maji ya bomba, akalaumu kofia, akailaumu sufu hadi akatamani kumtafuta kondoo mwenyewe. Juu ya yote aliilaumu baridi, kwa sababu matatizo yalianza nayo, na kila aliyemuuliza alimjibu hivyohivyo: ni baridi hiyo, vumilia. Alichoka kuambiwa avumilie na watu wenye nywele zao kichwani.

Na mitindo yote hiyo, rasta na twende kilioni, alisukwa na mtu mmoja tu, mama yake.

Enzi zake mama alikuwa msusi wa mtaa mzima. Mabibi harusi walipita magotini pake, na watoto waliosukwa naye Jumamosi walifika Ijumaa na kichwa kilekile. Macho yalipofifia aliacha kushona, akaacha kuchambua mchele, mwisho akaacha hata kutoka peke yake. Kusuka hakuacha. Kusuka, alisema, ni kazi ya vidole, macho yanatazama tu. Kila Jumapili mchana Shungi alikwenda kwake, akaketi chini kwenye zulia katikati ya magoti ya mama, akamtolea kichwa. Siku nyingine za wiki mama alijibu mambo kwa "eeh" na "sawa". Akishika chanuo tu, habari zilifunguka, za majirani waliokwisha hama, za marehemu baba na viatu vyake vilivyokuwa vikilia kanisa zima. Shungi hakuwahi kukosa Jumapili.

Mama alivuta. Alikuwa mtu wa mkono mzito tangu zamani, lakini mwaka huu alivuta hadi nyusi zikapanda.

"Mama, inauma."

"Ukitaka uzuri sharti udhurike."

Jibu lilikuwa hilohilo tangu Shungi hajang'oa meno ya utoto. Jumatatu alimeza dawa ya kichwa, akaona vipele vyekundu kwenye mstari wa nywele, akasema ngozi imekauka kwa baridi, akapaka mafuta.

Siku pengo la juu ya sikio lilipokuwa kubwa kiasi cha kuingia kidole gumba, Shungi alitoka kazini akaenda moja kwa moja kwa msusi wa kona. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mwenye vibanio mdomoni na maneno machache kwa sababu ya vibanio hivyo. Alimvua kofia ya sufu, akainamisha kichwa cha Shungi kwenye mwanga, kisha akavitoa vibanio mdomoni. Hapo Shungi akajua kuna habari.

"Njia hizi nazijua," msusi akasema, akipitisha kidole kati ya mstari na mstari. "Kakusuka mama yako. Ndiye aliyenifundisha kazi."

"Ndiye. Sasa niambie, baridi hii niifanyeje?"

"Baridi inakausha nywele, zinakatika katikati. Zako za mbele zimetoka na mizizi. Zimevutwa hizi, dada."

"Labda kofia..."

"Kofia haina mikono." Msusi alionekana mwenyewe hapendi anachokisema. "Ila sielewi. Mama yako mkono wake ni mzito, lakini ndiye aliyekuwa akinipiga kwa chanuo nikivuta nywele za mtu hadi kwenye mizizi."

Shungi alitembea kwenda nyumbani na hasira iliyomtosha yeye na mtaa mzima. Mitindo alibadilisha, mafuta alibadilisha, sabuni alibadilisha, na muda wote mikono ilikuwa ileile. Mikono yenyewe ya nani? Ya mtu ambaye hana kitu kingine duniani cha kushika. Angekuwa wifi, angemmaliza kwa maneno siku hiyohiyo. Lakini mama? Mtu anaanzia wapi?

Jumapili alifanya mazoezi njia nzima. Angesema kwa upole, angeanza na afya, apite kwenye hali ya hewa, afike polepole. Mama alikuwa amekwisha kusikia hatua zake, amepanga chanuo na mafuta pembeni, amekunja sketi vizuri.

"Leo nakufunga mabutu manene," mama akasema kwa furaha. "Ndiyo yanayofaa kofia. Nimeyawaza wiki nzima."

Shungi akaketi. Alifungua mdomo aanze na afya, na hapohapo mama akashika fungu la kwanza karibu na sikio, akavuta. Maneno yote ya upole yakatawanyika.

"Unaning'oa nywele, mama! Angalia hapa, angalia ulivyonimaliza! Ah, utaangalia nini, na wewe huoni!"

Maneno yakishatoka hayarudi. Mikono ya mama ilibaki hewani. Kisha alilipapasa chanuo, akalipata, akalifuta kwa ncha ya sketi, akaliweka ndani ya kopo lake na kufunga kifuniko.

"Basi nenda kwa wenye macho," akasema.

Akaenda. Msusi wa kona alimsokota nywele zake mwenyewe, bila za kuongeza, misokoto minene iliyolegea, akazipinda ncha na kuzificha ndani. Alimwambia ashone kipande cha satini ndani ya kofia ya sufu na kingine ndani ya kofia ya kazi, na za mbele aziache kabisa, asizishike. Wiki hazikuwa nyingi kitambaa cha kulalia kikaanza kuamka safi. Kofia ilitulia. Hata msimamizi alimpita bila kumtazama, na kwa msimamizi huyo hiyo ni sifa kubwa.

Na bado Shungi alikuwa na kisirani. Alipata alichokitafuta msimu mzima na hakikumpa raha hata kidogo. Jumapili alikwenda kwa mama vilevile, akaketi kitini kama mgeni, wakatazamana na ukuta. Amekula? Eeh. Amelala vizuri? Sawa. Kopo la chanuo lilikuwa juu ya kabati, na kila mmoja alijua lilipo. Alimkasirikia mama kwa kununa, akajikasirikia kwa lile neno la macho, akamkasirikia hata wifi, ambaye safari hii hakuwa na kosa.

Jumapili moja, chai ikiwa imepoa mezani, mama akasema, "Njoo nione."

Shungi akapiga magoti mbele yake. Mama aliweka viganja vyote viwili juu ya kichwa, si vidole, viganja, akavipitisha taratibu kutoka kipajini hadi kisogoni. Alipofika juu ya sikio alisimama.

"Nani kakusuka?"

"Mwanafunzi wako, wa pale kona."

"Hajavuta. Ana mikono ya moto huyu." Mama aliirudisha mikono mapajani, akaikunja mmoja ndani ya mwingine. "Mimi vidole sivisikii, mwanangu. Tangu baridi ianze. Juzi kikombe kilinianguka nikidhani nimekishika. Nikikusuka nilikuwa navuta mpaka nisikie kuna kitu mkononi."

Shungi aliinua uso.

"Mama! Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniletea kichwa cha nani nisuke?"

Shungi aliishika ile mikono. Ilikuwa ya baridi kama bomba la nje. Msimu mzima aliitafuta baridi kichwani mwake, akaitafuta kwenye kofia, kwenye sufu na kwenye maji, na ilikuwa imekaa hapa, katika vidole vilivyokuwa vikimgusa kila wiki. Kila aliyemwambia ni baridi alisema kweli, na hilo lilimkasirisha upya. Alitaka kumgombeza mtu, lakini hakumwona wa kugombezwa, basi akalia, kwa kelele, kama mtoto aliyevutwa nywele. Kesho yake wangekwenda kwa daktari, hilo halikuwa na mjadala, na mama kwa mara ya kwanza hakulijadili.

Daktari aliagiza vipimo na dawa, akakataza maji baridi, akasema itachukua muda. Jumapili iliyofuata Shungi alikuja na mkate uliotoka tanurini wakati huohuo, ameuviringisha kwa taulo, ameukumbatia njia nzima ndani ya koti. Akauweka mapajani mwa mama.

"Wa kula?"

"Wa kushika kwanza."

"Nimekuwa paka sasa, wa kukaa na moto," mama akanung'unika. Lakini aliingiza mikono yote miwili ndani ya taulo na hakuitoa haraka. Shungi akalishusha kopo kutoka kabatini. Akaketi chini kwenye zulia, akafungua misokoto ya nyuma tu. Za mbele hazikuwa za kuguswa na mtu, na mama aliambiwa hivyo wazi.

Kazi ilikwenda polepole. Njia zilipinda, na mama alijua zimepinda, akaguna. Habari ya viatu vya baba ikarudi. Karibu na kisogo vidole vikaanza kupoa, fungu likashikwa, likavutwa, na meno ya Shungi yakabana yenyewe kwa mazoea.

"Mama, legeza."

Akasubiri ile methali. Alikuwa ameisikia maisha yake yote, aliijua hadi pumzi inayoitangulia. Mikono ilisimama. Mama akairudisha kwenye taulo, akaipasha, akalishika tena fungu lilelile.

"Hivi?"

"Bado kidogo."

"Hivi?"

"Hapo, mama. Hapohapo."

Wakaendelea. Na mama, ambaye hakuwahi kumuuliza mtu yeyote neno lolote kuhusu nywele, akauliza kwa kila fungu hadi la mwisho, "Hivi?"