Jicho la Kushoto la Bi Ghaliya

Nilimjua Azza kabla hajaruhusiwa kumchoma mtu sindano, na wakati ule alikuwa mtu wa kucheka. Yeye anapima macho katika duka la miwani hapa Ibra, Omani. Mimi Rehana, mtu wa Tanga, niko chumba cha nyuma, nakata vioo na kuvitia kwenye fremu. Miaka minane tumekula chakula cha mchana sahani moja. Wazee wake walitoka Unguja, yeye kazaliwa Nizwa, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Akisema "macho mbili" mabibi wa Kiunguja humcheka mpaka wanajifuta machozi kwa ncha za mitandio, halafu humsimulia maradhi yote ya mwili, kuanzia magoti mpaka roho.

Watu wasiokanyaga hospitali walikuja kwake, kwa sababu miwani haimtishi mtu. Jumatano, siku ya soko la wanawake, viti vyetu vilijaa. Na wa kwanza kufika siku zote alikuwa Bi Ghaliya, hata kama zamu yake ya kupimwa haijafika.

Bi Ghaliya alikuwa na umri wa miaka themanini au zaidi kidogo. Mwenyewe alikuwa akipunguza. Pale sokoni aliuza kofia za viua alizoshona kwa mkono wake, zile zenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi, kazi aliyofundishwa na shangazi yake Unguja akiwa msichana. Jicho lake la kulia liliuawa na presha ya macho kabla hatujamjua. La kushoto lilikuwa zima, na Azza ndiye aliyelilinda: tone moja asubuhi, tone moja jioni, na kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Presha hii haiumi. Huanza kula mwanga pembeni, taratibu, na mwenyewe hana habari mpaka umebaki wa katikati tu. Kinacholiwa hakirudi.

"Lishike vizuri, mwanangu," Bi Ghaliya alizoea kumwambia. "Hili ndilo linaloshona."

Hospitali hakutaka kuisikia. Mtoto wake wa kwanza alichomwa sindano huko kwao akiwa na homa, na mguu ukalemaa. Hakulia alipotusimulia. Alisema tu kwamba aliyemchoma hakumweleza kitu, alimpokonya mtoto mikononi na kumchoma.

Basi mwaka ule ikaja barua ya wizara ya afya: wapima macho watakaopata mafunzo wataruhusiwa kuchoma chanjo ya homa ya mafua. Hoja yenyewe ilikuwa nzuri, wala sitaikejeli leo kwa kuwa mambo yalituharibikia. Kama wazee wanakuja kwetu na hawaendi kwingine, kwa nini tusiwachanje hapa hapa? Azza akaenda Nizwa wiki tatu, akarudi na cheti. Ikaletwa friji ndogo nyeupe, ikawekwa chini ya ubao wa herufi. Kuna daktari mmoja aliyesema mbele za watu kwamba sasa hata wauza miwani watachoma sindano. Maneno yale yalimkaa Azza rohoni, akataka aone haya yule mtu.

Akabuni mbinu yake mwenyewe. Kabla ya kumchoma mtu alimvua miwani. Bila miwani mzee haioni sindano, anaona ukungu tu, na ukungu hautishi. Mpaka aje kushtuka, kazi imekwisha. Mimi nilimsifu. Tulijiona tuna akili kweli kweli.

Novemba akaja Wiam, binti wa Bi Ghaliya, mwalimu wa shule. Alikuja peke yake na kufunga mlango wa chumba cha kupimia. Mimi nilikuwa ndani nikitafuta bisibisi yangu, nikasikia yote.

"Azza, khalas, nimechoka," alisema. "Khalti, dada yake Mama, kafa na mafua hayo hayo mwaka jana, wiki moja tu, kifua kikajaa maji. Mama nimemwambia achanje, kakataa. Nimelia mbele yake, kakataa. Wewe anakupenda. Mchome tu akija kwa macho yake. Fomu ya ridhaa nitatia sahihi mimi."

"Hapana, Wiam. Lazima yeye anajua."

"Akifa utamwambia nani?"

Azza alinitazama. Na hapa ndipo ninapojichukia, kwa sababu ningeweza kusema neno. Nilisema, "Dada, ni kwa faida yake." Azza hajui kumkatalia mtu anayelia, na Wiam alikuwa analia.

Jumatano ile Bi Ghaliya akaja na kifurushi cha kofia na utani wake. Alimuuliza Azza kama amepata mume, au bado anahesabu macho mbili mbili. Azza hakucheka. Alimvua miwani, akamtia dawa ya ganzi jichoni, akamwambia afumbe asubiri. Wiam, aliyekuja naye, akapandisha mkono wa gauni la mama yake. "Nakupima presha ya damu, Mama." Mimi nilimshika Bi Ghaliya kiganja, nikakibana kidogo kwa mapenzi, kama mtu anayemliwaza mwenzake. Kumbe nilikuwa namshikilia.

Alishtuka. "Ah! Nini hicho?"

"Dawa ya macho, Bibi," Azza alisema. "Inachoma kidogo."

Bi Ghaliya akatulia. Alimwamini. Akapimwa, presha ilikuwa nzuri, akapewa chupa mpya ya matone akaenda zake sokoni. Wiam alimbusu Azza mikono.

Jioni, akitia udhu, Bi Ghaliya akakuta plasta ya duara juu ya mkono.

Hakupiga kelele nyumbani. Alingoja Jumatano. Tulipofungua mlango tulimkuta amesimama nje, amevaa miwani yake, hana kifurushi. Aliingia lakini hakukaa.

"Dawa ya macho siku hizi hutiwa mkononi, Azza?"

Azza akafungua mdomo, maneno ya Kiswahili yakamkimbia, yakaja ya Kiarabu, nayo yakamkimbia. "Samahani, Bibi. Wiam alikhofu. Ni chanjo tu, haina dhara, wallahi."

"Sikukuuliza dhara yake." Aliinua kidole chake cha shahada, chenye sugu nyeusi. "Unaona hiki? Tangu nina miaka tisa sindano iko mkononi mwangu. Unadhani mimi naogopa sindano? Ungeniambia, ningekwambia sitaki, ukaniambia tena, labda Mungu angenilainisha moyo. Wewe ukanivua miwani."

Akatoa ile chupa ya matone, ikiwa haijafunguliwa, akaiweka juu ya kioo cha kabati la fremu.

"Na hii siitaki. Nani ajue humu mmetia nini."

"Bibi, dawa hii usiiache! Jicho litakufa!"

"Ndivyo ulivyosema. Na ulisema pia ni dawa ya macho." Akageukia upande wangu, nikatamani ardhi inimeze. "Nawe ulinishika mkono."

Akaondoka.

Tulijaribu. Wiam alimpelekea matone mapya, akayamwaga kwenye beseni. Alipotajiwa daktari wa hospitali, alisema wote ni wamoja. Azza alikwenda nyumbani kwao mara nne, akapewa kahawa na halwa, akaulizwa habari za mama yake kwa adabu zote, na akitaja jicho Bi Ghaliya anainuka kwenda kusali. Wiam akafikiri kumtilia matone usingizini. Azza alimkemea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Bado hujatosheka na uongo?"

Kipupwe kikapita. Bi Ghaliya hakuugua hata chafya. Chanjo ilifanya kazi yake, na mimi nikikumbuka hivyo naona uchungu.

Mwaka wa pili nilimwona sokoni, nilikwenda kununua bizari. Alikuwa ameketi penye mkeka wake pale pale, kofia moja mapajani, anaipapasa kwa kidole gumba. Vitobo vilikuwa vimetawanyika, vingine vimeshonwa juu ya vingine, uzi umekwenda njia yake. Nilisimama mbele yake, hatua mbili tu. Hakujua kuna mtu. Nilirudi dukani bila bizari.

Nilipomweleza Azza, alifunga chumba, akachukua taa yake ndogo, tukamfuata pale pale sokoni. Safari hii Bi Ghaliya alikubali kuangaliwa. Alikubali kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko hasira zake.

"Vidole ngapi, Bibi?"

"Vya nani?"

Azza akawasha taa. "Na hii, unaona mwanga?"

"Washa kwanza, mwanangu, ndipo uniulize."

Taa ilikuwa imewashwa. Azza aliishikilia vile vile usoni mwa yule bibi. Kisha akaizima, akapiga magoti na kulia. Alisema nisamehe kwa Kiswahili, akasema kwa Kiarabu, akarudi kwenye Kiswahili.

Bi Ghaliya akamtafuta kichwa kwa mkono mpaka akakipata. "Nilikusamehe siku ile ile niliyorudisha chupa, kabla sijafika nyumbani," alisema. "Kukuamini ndiko kulikonishinda. Nilijaribu, wallahi. Kila nikishika chupa ya matone mkono unakataa."

Alifariki mwaka huu mwanzoni, si kwa mafua. Alianguka kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, ngazi tatu alizozijua miaka arobaini.

Azza bado anachoma chanjo. Nilidhani ataacha, nikamshauri aache, akasema kuacha ni kujipa raha. Hacheki sana. Kiswahili chake kimekuwa kizuri, kwa sababu anajifunza maneno ya kueleza sindano ni nini, ndani mna nini, inazuia nini na haizuii nini. Na mbinu yake ameigeuza. Hamvui mtu miwani. Asiyevaa anaambiwa avae.

Wiki iliyopita alikaa kitini Mzee Khattab, mfuga mbuzi kutoka mji wa Adam, anayekuja kwetu kwa jicho lenye presha hiyo hiyo. Azza alimweleza yote. Akampa miwani yake mkononi.

"Vaa, baba, uione vizuri."

Mzee akavaa. Akaitazama sindano kwa makini, juu mpaka chini. Akainuka, akashusha mkono wa kanzu.

"Hii sitaki, binti yangu."

"Haya, baba," Azza alisema, akairudisha kwenye trei. Hakumbembeleza.

Mzee alifika mlangoni, akasimama. "Jicho langu nije lini?"

"Baada ya miezi mitatu, baba."

"Nitakuja."

Nilikwenda chumba cha nyuma, nikawasha mashine ya kukatia vioo, ili Azza asinisikie ninavyolia.