Sumaku Yenye Mpini wa Shaba

Kiwandani hakuna aliyemwita jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Mama Sumaku, na jina hilo alilitolea jasho miaka kumi na tisa. Kila kipuri cha mashine za sigara, iwe rola au kisu, kilipita mikononi mwake kabla ya kuingia stoo. Tumbaku hufika mashineni imelowa mvuke, na unyevu ule hula chuma cha kawaida kama mchwa anavyokula mlango. Ndiyo maana kiwanda kilitaka chuma kisichoshika kutu, cha aina ambayo sumaku haiikamati. Basi yeye aligusa kimoja kimoja. Kikinata, kinarudi kilikotoka; kisiponata, anatia sahihi.

Sumaku yenyewe aliirithi kwa baba yake, fundi redio, aliyewaachia wanawe wawili maarifa zaidi kuliko mali. Siku moja mzee aliwaita, akatia kipande cha sumaku kwenye jiko la mkaa mpaka kikawa chekundu. Kilipopoa akakigusisha msumari, na msumari haukujali. "Mmeona? Ukiipika, imekufa," alisema. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wake saba, na walicheka mpaka wakagaragara.

Mzee alipofariki, dada ndiye aliyemlea yule mdogo. Alimwogesha, akamfunga kamba za viatu, akamsomesha. Ukimuuliza ana watoto wangapi, atakwambia watatu, na kazaa wawili. Mdogo mtu alipofungua karakana ya kuchonga vipuri, dada alimwendea meneja akasema, "Huyu damu yangu, namdhamini mimi." Mwaka mzima vipuri vilikuja safi.

Jumapili moja mdogo wake alikuja kumsalimia, akaiona sumaku mezani.

"Dada, mtu mzito kama wewe unashika kipande kama umekiokota jalalani? Nipe nikitie mpini."

Kesho yake asubuhi aliirudisha ina mpini wa shaba, umechongwa "Mama Sumaku" kwa herufi za kupendeza. Mama Sumaku alizunguka kiwanda kizima akiionyesha. Kilemba cha ukoka kile, lakini nani hukitambua kingali kichwani mwake?

Jumatano ya wiki ile ile mdogo wake alileta rola themanini. Dada alizigusa zote, hata moja haikunata. Akatia sahihi na kumwambia, "Angekuwepo baba, angejivunia."

Haikupita miezi miwili, sigara zikaanza kutoka na madoa ya kahawia. Fundi mkuu, mtu mpole asiyependa ugomvi, alimletea rola moja juu ya kitambaa. Ilikuwa imeota kutu.

"Hii uliipima, mama?"

"Nilizipima zote." Akaigusa kwa sumaku yake. Haikunata. "Unaona?"

Fundi mkuu hakubishana. Alitoa mfukoni sumaku yake ndogo ya kuokotea misumari, akaisogeza, nayo ikairukia rola kwa mlio. Kilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli king'ae kama kile kisichoshika kutu.

Mama Sumaku aliigusisha yake kwenye mguu wa meza. Ikateleza. Akajaribu kwenye mkasi, kwenye kufuli, kwenye bawaba ya mlango. Miaka yote hiyo alikuwa amepima kila kitu isipokuwa sumaku. Ndipo alipolikumbuka lile jiko la mkaa, na kicheko cha mtoto wa miaka saba.

Alimkuta mdogo wake karakanani akinywa chai. Akamwekea sumaku mezani.

"Ulijua."

"Dada, mpini wa shaba haushiki bila moto..."

"Nakuuliza, ulijua?"

Alitazama kikombe chake. "Chuma kile kilikuwa hakipatikani. Nikasema ni mara hii tu. Kwa sumaku nzima ungezikataa." Kisha akalainisha sauti. "Waambie imechoka kwa uzee. Mimi wakinijua nimekwisha. Wewe wanakuheshimu, watakusamehe."

Kumbe hata wa kutolewa kafara alikuwa keshamchagua. Hilo lilimchoma kuliko rola zote themanini. Aliuzwa, tena na mtoto aliyemlea kwa mikono yake, na aliyemuuza alimtegemea abebe lawama.

Mbele ya meneja alisema maneno machache: "Imekufa kwa moto. Aliyeichoma ni mdogo wangu, na aliyemleta hapa ni mimi." Karakana ilinyimwa kazi. Yeye alitolewa kwenye meza ya kupimia, akapelekwa kubandika lebo kwenye makasha.

Ndugu walimjia juu. Shangazi yake alifunga safari kuja kumsema, na hata kiti alikikataa.

"Umemwangamiza mdogo wako kwa ajili ya vyuma vya watu? Hujui damu ni nzito kuliko maji?"

"Najua, shangazi," alisema. "Ndiyo maana sikuipima."